Jina la Nesi Aliyefariki Bado Linatibu Wagonjwa

Admin, nisitiri tafadhali. Mimi ni msichana wa miaka kumi na nane, nimemaliza kidato cha nne, naishi na mama upande wa Kamanga, ng'ambo ya ziwa kutoka mjini. Si muongeaji. Hata haya nimeyaandika na kuyafuta sana kabla ya kukutumia.

Mama anafanya usafi kwenye zahanati ya mtu binafsi. Zamani wahudumu wote pale walitumia nywila moja ya kompyuta, imebandikwa ukutani. Mwenye zahanati aliposikia napenda kompyuta, aliniita nirekebishe. Nikapata programu huria, zile za bure, inayomfanya kila mtu aingie kwa jina lake na kuona yale tu anayoruhusiwa. Sikusomea. Kila nilipokwama niliuliza kwenye jukwaa la mtandaoni la watu wanaoitumia, na watu nisiowajua wakanielekeza kwa uvumilivu mpaka ikafanya kazi. Wao ndio walionishauri niweke ujumbe wa simu: jina lako likiingia, unapata taarifa, ili mtu asilitumie bila wewe kujua. Kwa mara ya kwanza nilijiona na mimi ni mtu.

Kisha nesi wetu mkuu akafariki. Aliugua muda mfupi tu. Binti yake nimesoma naye, ndiye rafiki yangu pekee. Tuliporudi kutoka mazikoni, nikaenda kufunga akaunti ya marehemu. Mwenye zahanati akanikuta.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Unafanya nini hapo?"

"Nafunga jina la sista, mzee."

"Liache. Yeye ndiye mwenye leseni hapa. Shemeji yangu atalitumia mpaka nipate nesi mwingine."

Shemeji yake hajamaliza chuo cha uuguzi. Nilitaka kusema hivyo. Nikasema, "Sawa mzee."

Sikukumbuka kwamba simu ya marehemu haijazimwa. Familia wameiacha hewani kwa ajili ya watu ambao bado hawajasikia habari za msiba, na anayeishika ni rafiki yangu. Asubuhi moja akanipigia, analia mpaka simwelewi.

"Mama ameingia kazini! Imeandikwa hapa, ameingia sasa hivi. Hiki ni kitu gani?"

Nikamwambia ni mtandao unasumbua. Ujumbe umeendelea kumfikia kila asubuhi. Siku hizi halii tena. Anasema ameanza kuusubiri, na hilo linanitisha kuliko kile kilio.

Juzi mtoto mchanga alichomwa sindano pale, paja likavimba vibaya, wakamvusha kwa kivuko kwenda hospitali kubwa mjini. Mama yake alirudi jana, kanga imemlegea, anauliza mapokezi, "Huyo nesi aliyemchoma mwanangu yuko wapi?" Wakaangalia kwenye kompyuta, wakamtajia jina la marehemu. Akauliza, "Yuko wapi sasa?" Wakamjibu, "Leo hayupo."

Nimeuliza kule jukwaani bila kutaja mahali. Wote wamesema niifunge akaunti hiyo leo hii. Mmoja ameandika kwa Kiswahili, "Dada, usilale hujaifunga." Wanaijua programu. Hawamjui mama yangu. Nilipomweleza, aliweka ndoo chini. Kisha akasema, "Mwanangu, mimi nafagia. Ya wakubwa waachie wakubwa. Akinifukuza, wadogo zako watakula nini?"

Kuifunga ni kubonyeza mara moja. Hakuna mwingine anayeweza, kwa hiyo mzee atajua ni mimi. Nikinyamaza, watu wataendelea kuleta watoto wao kwa nesi ambaye hayupo duniani, na huyu mtoto akifa, lawama zitaenda kwa mama wa rafiki yangu, ambaye hawezi tena kujitetea.

Nyie mama zangu, baba zangu, dada zangu mnaosoma ukurasa huu, ningekuwa binti wa nyumbani kwenu mngeniambia nifanyeje? Nijibuni kabla zahanati haijafunguliwa kesho.