Vile nilipanda juu ya timbo kumwonyesha inspekta kwamba mizizi ya chai inashika

Wakuu, chamgei.

Nimekuwa nikisoma humu kimya kimya nikicheka wengine. Leo ni zamu yangu. Nitaandika vile ilikuwa, hata pale ninapoonekana mjinga. Nikitoa hizo sehemu, uzi utabaki na salamu peke yake.

Mimi ni wa Kimulot, huku juu karibu na msitu. Shule niliachia darasa la nane. Nina chai kidogo, nina ng'ombe mmoja mwenye kiburi, na siku zingine nachimba murram, ile changarawe nyekundu ya barabara, na wenzangu kwa timbo lililo ndani ya shamba la Mama Cherono, mjane jirani yetu.

Kwa wasiojua kwetu: mvua ikikaza, lori la majani linakwama na chai inaharibika kwa gunia. Murram ndiyo inatengeneza hizo barabara. Kwa hivyo timbo likifungwa, kila boma inasikia.

Kikundi kilinichagua niwe safety officer. Sababu? Nilikuwa na helmet. Ya bodaboda, ile ya kufunika masikio na kioo mbele. Wengine walikuwa na kofia za sufu. Pia niseme ukweli, hakuna mwingine aliyetaka hiyo kazi.

Sasa shida ilikuwa hapa. Timbo liliendelea kula kilima mpaka likafika chini ya chai ya Mama Cherono. Alikuwa ametuambia mapema, "Chimbeni, lakini chai yangu msiguse. Hiyo mistari baba Cherono alipanda na mkono yake."

Tukaheshimu. Hatukugusa chai. Tulichimba chini yake.

Ukisimama ndani ya timbo na kuangalia juu, unaona ukuta umeingia ndani kama tumbo la mtu mwenye njaa, na juu chai imetokeza kama paa la nyumba. Kiprono, rafiki yangu, ndiye alikuwa anachimba hapo chini kabisa, kwa sababu hapo murram ni laini.

Siku moja akaniambia, "Langat, hii kitu inanitazama."

Nikamwambia, "Kiprono, umewahi kung'oa chai wewe? Hata ng'ombe wawili hawawezi. Hiyo mizizi ni konkret."

Akaendelea kuchimba. Nilijiona nimeongea point.

Kisha inspekta akaja. Mama mmoja kijana, gumboots zake zina matope kutushinda, maana alikuwa ameacha gari mbali akatembea. Permit tulikuwa tumeomba na alikuja kukagua. Aliangalia ule ukuta mara moja tu, akasema kwa sauti ya chini, "Wote mtoke ndani. Sasa hivi. Acheni vifaa."

Tukatoka, tukasimama barabarani. Mama Cherono naye akaja na kikapu chake mgongoni, kujua ni nini.

Inspekta akaeleza polepole, bila madharau. Ukuta wa timbo unakatwa kwa ngazi, kutoka juu kuja chini. Hakuna kuchimba chini ya kitu kinaning'inia. Hiyo chai ya juu itoke, ama timbo lifungwe.

Mama Cherono akageuka kuangalia mistari yake. Wanaume wote wakaniangalia mimi. Si mimi ndiye safety?

Nikakohoa. "Madam, na heshima yako. Hiyo haiwezi kuanguka. Imeshikwa na mizizi."

"Umejuaje?"

Wakuu, hapo ndipo mtu wa akili anasema "nilikuwa nafikiria tu." Mimi nilisema, "Ngoja nikuonyeshe."

Nikazunguka kwa kilima, nikaingia kwa chai, nikaenda mpaka mstari wa mwisho. Helmet kichwani. Nikawapungia mkono. Walikuwa wanapunga pia, wote, kwa nguvu sana, na midomo inaenda. Nikaona leo nimependwa.

Nikaruka. Mara ya kwanza hakuna kitu. Nikaruka tena, juu zaidi, ili madam aone vizuri.

Sikusikia mlio wowote. Niliona tu barabara inapanda na mimi nashuka. Nikashika mti wa chai. Mti wa chai nao ulikuwa umenitegemea mimi. Tukaenda pamoja.

Nilisimama kwa murram mpaka kiunoni, mti bado nimeukumbatia, kioo cha helmet kimejaa vumbi. Kiprono ndiye alifika kwanza.

"Safety. Umemaliza ama kuna nyingine?"

Watu walicheka mpaka wengine wakaketi chini. Kisha mmoja akauliza, "Koleo ya Kiprono iko wapi?" Ilikuwa chini ya hiyo murram yote, pale alikuwa ameiacha akiitwa atoke. Kicheko kikaisha. Kiprono alienda kando, akakaa, akashika kichwa.

Inspekta aliita tutoke tena, hata koleo akakataa tufukue. Akafunga timbo. Sikumlaumu hapo na simlaumu leo. Mama Cherono pia msimlaumu, hakuna aliyemwambia mistari yake inakaa juu ya kichwa cha nani. Hiyo ilikuwa kazi yangu.

Mama Cherono aliomba aone ule mti nilioshuka nao. Akageuza mizizi. Ilikuwa imeshika udongo vizuri sana, hata sikudanganya. Udongo ndio ulikuwa haujashika kitu.

Akasema, "Toeni. Lakini mniache nichume kwanza."

Inspekta akamruhusu mistari ya ndani tu, ile ya pembeni asikaribie. Akachuma, majani mawili na kichipukizi, bila haraka, na sisi wanaume tumesimama kama watu wa mazishi. Ule mstari wa pembeni ulienda chini na majani yake.

Tulikata kilima kwa ngazi, inspekta akaja akakagua, tukafunguliwa. Kiprono anachimba bado, ana mtoto mchanga sasa. Nilijiuzulu, kikundi kikakataa. Eti mimi peke yangu nina experience.

Funzo nililopata: kama wewe mwenyewe huwezi kulala chini yake, usimwambie mwenzako iko sawa.

Nimempandia Mama Cherono miche mingine upande wa bonde. Alikuja akasimama juu yangu nikipanda, akaniuliza, "Langat, umeangalia chini kuna nini?"

Nikaangalia, wakuu. Nilichimba mpaka kwa goti.

Nyinyi mnaochimba mchanga huko Mulot, ama mawe kwingine, mwenye shamba mlimwambiaje akubali kukata juu? Semeni. Mnaotaka kunicheka pia karibuni, ila polepole, mgongo haujapona.