Boti ya Polisi Dukani kwa Ami Twaha

Mpaka leo, mtu akimwaga petroli karibu nami, mimi hutazama mlangoni. Si ile tupu ya gari. Ni ile iliyochanganywa na oili kwa ajili ya injini ya boti, yenye kamnuko ka tope na samaki kwa mbali. Hiyo ndiyo ilikuwa harufu ya koti la baba. Msumari wa koti ukiwa wazi nyumbani kwetu Voi, tulijua baba yuko ziwani.

Najua unajiuliza boti inatoka wapi Voi, mahali tulipopanga foleni ya mitungi bombani. Baba alifanya kazi Ziwa Jipe, kule chini Taveta, ambako upande mmoja wa maji ni wetu na mwingine ni wa Tanzania. Aliendesha boti ya doria ya polisi, akiwafukuza wavuvi wenye nyavu za matundu madogo, zile zinazozoa hata samaki wachanga. Jumamosi alirudi nyumbani, na mama akimuuliza habari za kazi alicheka tu: "Nyavu tumezipata. Wenyewe wametuponyoka."

Sasa, mwishoni mwa miaka ya tisini, Ami Twaha, mzee wa kipwani aliyekuwa na duka la nguo mtaani kwetu, aliweka televisheni na mashine ya gemu katika chumba cha nyuma. Alisema heri tumpigie kelele yeye kuliko tukagongwe na malori barabarani. Gemu tuliyoipenda ilikuwa moja. Wewe ni mwizi katika mji mkubwa, unautazama kutoka juu kama mwewe. Unaiba gari, polisi wanakufuata, unafika bandarini unarukia boti. Hapo boti ya polisi inatokea na taa zake zinazowaka na kuzima. Ukiwa hodari, unaibana kwenye nguzo ya daraja, inalipuka, na wavulana wanashangilia mpaka Ami Twaha anagonga ukuta.

Mimi pia nilishangilia, hadi Jumamosi ile ambayo baba hakurudi.

Jumapili jirani mmoja aliyetoka Taveta alimwambia mama kwamba kuna boti imepinduliwa na kiboko huko Jipe. Ya nani, hakujua. Simu hatukuwa nayo. Mama alimshukuru, akampa chai, na jirani alipoondoka akaanza kuchambua tena mchicha aliokuwa ameshauchambua. Jioni alipakua sahani ya baba, akaifunika. Asubuhi tukaila sisi.

Jumatatu nikitoka shule nilienda kwa Ami Twaha, maana kimya cha nyumbani kilinishinda. Mwadime, mkubwa wa wavulana pale, ndiye aliyekuwa akicheza. Boti ya polisi ilipotokea akaibana darajani, ikalipuka. Nilikuwa darasa la sita, nilijua vizuri kwamba ile ni picha tu. Lakini ndani yake si kulikuwa na mtu anayeendesha?

Zamu yangu ilipofika, niliendesha mpaka katikati ya maji, nikaachilia vibonyezo, nikangoja. Polisi wakaja, wakanishika. Boti yao nzima, wao wazima. Shida ni kwamba ukishikwa, yote mliyopata pamoja yanapotea na gemu inaanza upya.

"Wewe Wakesho, unashikwa na karao umesimama tu?" Mwadime akaniuliza. "Hata nyanyangu angekimbia."

Nikasema kidole kimeteleza. Kesho yake kikateleza tena. Wavulana wakaapa kuninyima zamu, ila Ami Twaha akachungulia pazia na kuwaambia kwamba kwake hafukuzwi mtoto wa mtu. Nadhani habari za Jipe zilikuwa zimemfikia. Nilicheza kama anayesali. Kila polisi niliyemwacha salama, moyoni nilimfikisha mpaka mlangoni kwake.

Alasiri moja, nikiwa nimesimama hivyohivyo majini, harufu ikapita pazia kabla ya mwenyewe. Petroli, oili, tope. Sikugeuka. Niliogopa nikigeuka itapotea.

"Mama," sauti ikasema, ndivyo alivyozoea kuniita, "unangoja nini hapo katikati?"

Nililia mpaka nikaona aibu. Kumbe boti iliyopinduka ilikuwa ya wavuvi, nao waliogelea wakatoka. Ya baba magugu yaliizonga, injini ikaungua, naye akaachwa kuilinda mpaka fundi aje. Nilipotulia, akaomba na yeye ajaribu. Wavulana wakampisha wakicheka chini chini, polisi anakwenda kuwa mwizi. Baba hakukimbia. Aliiingiza boti taratibu chini ya daraja, kivulini, akaacha kubonyeza.

"Mzee, kimbia, wanakuja," Mwadime akamhimiza.

"Nyamaza. Wavuvi wangu wa kule huingia kwenye matete, wakazima injini."

Boti ya polisi ikapita. Ikarudi, ikapita tena, ikaenda zake. Chumba kizima kilipiga makofi, na mimi nikavimba kwa fahari.

Tukirudi nyumbani aliniuliza kwa nini nilikuwa nakubali kushikwa. Nikamwambia nilitaka yule polisi arudi kwa mtoto wake.

"Na yule mwizi, mama? Yeye hana anayemngoja?"

Nilidhani anaongea habari za gemu. Ilinichukua miaka kujiuliza mtu anayeyajua matete namna ile anaponyokwaje kila wiki. Nyavu alizikusanya kweli, hakuacha hata moja. Lakini najua sasa kwamba ng'ambo ya ziwa nako, jioni zile, kulikuwa na sahani zilizofunikwa, na baba alikuwa akipita karibu kabisa na wenyewe mle mateteni, akitazama pembeni.