Chekeche la Milimita Moja

Siku ya kwanza kazini, Mkuu wa Kituo alinikabidhi ndoo, bomba la kuchotea tope na machekeche mawili: moja la matundu ya milimita moja, jingine la nusu milimita.

"Tope la mdomo wa Ruvuma lina wakazi wake," aliniambia. "Minyoo, kaa, chaza. Wakubwa kila mtu anawaona. Wewe umeajiriwa kwa ajili ya wachanga. Chekeche dogo, la nusu milimita, usilionee uvivu."

Nilikuwa fundi sanifu wa maabara, kijana wa Mikindani niliyejiona nimefika. Maji yakitoka tulishuka funguni, kwenye tope lililoachwa wazi na bahari, tukapima chumvi, tukazamisha bomba, kisha tukalichekecha tope kwa maji mpaka wakabaki viumbe. Tuliwatia fomalini wasioze, na rangi ya waridi waonekane wakati wa kuwahesabu. Kwa chekeche dogo, ndoo moja ilikula saa nzima.

Mkuu wa tatu niliyemtumikia alitutuma kupima fungu moja mbele ya kijiji cha Mahurunga, ambako kina mama waliokota chaza. Maji yalishaanza kujaa na mgongo uliniuma. Nikatumia chekeche kubwa. Kwenye fomu nikaandika nusu milimita.

Bi Somoe, aliyekuwa akiokota karibu yangu, alinyoosha mgongo akatazama.

"Baba, mbona hilo lina matundu makubwa? Nikichekechea unga wa muhogo, si makapi yote yatapita?"

"Haya ni mambo ya kitaalamu, bibi," nilimjibu kwa ukali. Kila nikiikumbuka sauti yangu ile, naona haya.

Ripoti ikasema chaza wachanga hawapo, basi hawazaliani. Fungu likafungwa, kuokota kukakatazwa. Bi Somoe akaja ofisini na bakuli la tope, ndani yake chaza wadogo kuliko punje za ulezi. Mkuu akanigeukia.

"Fundi, ulitumia chekeche gani?"

"La nusu milimita, mzee."

Bi Somoe alifunika bakuli lake kwa upande wa khanga, akaaga, akaondoka. Mlango ulikuwa wazi na ningeweza kumwita. Niliinamia makaratasi.

Fungu lilikaa limefungwa miaka mingi. Kwenye hafla ya kuniaga nilipostaafu, walinisifu kwa umakini, nikatamani ardhi inimeze. Ninyi vijana wa maabara mna vifaa vizuri kuliko vyetu, lakini fomu bado mnaijaza wenyewe. Mimi niliijaza uongo kwa sababu ya mgongo, nikaulinda kwa sababu ya cheo.

Mwezi uliofuata hafla ile nilikwenda kwa Bi Somoe. Nilimkuta barazani akichekecha unga. Fungu lilishafunguliwa, akasema, ila mabinti zake hawaendi. Walikua wakati limefungwa; hawakujifunza kumtambua chaza topeni kwa kumkanyaga kwa unyayo.

Nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono yake haikusimama.

"Najua, baba," alisema. "Siku ile ya bakuli nilidhani ungekuja kesho yake."