Chokaa Niliyoipaka Kabla Kamati Haijafika

Umewahi kumwona injinia mzima, mwenye digrii tatu na miwani ya bei, akiketi chini mchangani na kushika kichwa kwa sababu ya mti?

Mimi nimemwona.

Na mti wenyewe nilikuwa nimeupaka chokaa kwa mikono yangu hii.

Naitwa Laban, mtu wa Kakamega, na mwaka huu nafikisha miaka sita nikiwa mlinzi hapa Doha. Ninalinda nyumba moja ya kale nyuma ya maduka ya Najma. Haina fanicha, haina televisheni, haina mtu. Ina kuta nene za mawe na udongo, ua katikati, mkunazi mmoja uani, na mimi.

Mwizi angeiba nini humo? Hata mimi nimejiuliza sana.

Mwenye nyumba ni Mama Hessa. Alizaliwa humo, akaolewa akitokea humo, na sasa ana miaka themanini na kitu na anatumia kiti cha magurudumu. Anakaa Al Wukair kwa mwanawe, Nasser. Anayemhudumia ni Kerubo, dada wa Kisii asiyeogopa mtu.

Kila Alhamisi alasiri Kerubo na dereva humleta. Gari linasimama nje ya lango. Mama anateremsha kioo, anaitazama nyumba yake nusu saa nzima, kisha anasema "Yalla," na wanaondoka.

Kuingia hawezi. Mlango ni mwembamba, kizingiti kinafika karibu na goti, na ukishakivuka unakutana na kona kali ambayo kile kiti hakiwezi kukata. Siku moja nilijitolea kumbeba.

"Mimi si gunia la mchele," akajibu kwa Kiarabu.

Kerubo akanitafsiria, akaongeza na la kwake: "Halafu hizo mikono zako ziko na vumbi."

Basi Nasser akaomba ruhusa ya kufungua mlango kwenye ukuta wa mashariki, upande wa barabara, ambako ardhi ni sawa na hakuna kona.

Sasa, nyumba za kale hapa huzigusi ovyo. Kuna kamati. Ukitaka kubadilisha hata dirisha, unapeleka michoro, wanakaa, wanaichambua, wanakuandikia barua. Kamati yetu iliongozwa na Injinia Moza, mama mwembamba ambaye huugusa ukuta kwa kiganja kabla hajamsalimia mtu.

Mara ya kwanza wakakataa. Mara ya pili wakakataa. Kutoboa mlango mpya kwenye ukuta wa zamani hivyo? Haiwezekani.

Mama Hessa alikuwa na jibu moja tu.

"Si mpya. Hapo palikuwa na mlango wa mbuzi. Tukiwa watoto tulipita hapo kila siku."

"Kuna picha?" Injinia akauliza.

Picha itoke wapi? Nani alipoteza filamu yake kupiga picha mlango wa mbuzi? Na ukuta wenyewe ulikuwa laini mwanzo hadi mwisho, rangi moja ya vumbi.

Nasser akashusha pumzi. Akasema kwa upole, "Mama anachanganya mambo siku hizi."

Nilikuwa nimesimama pale pale langoni, kando ya gari la Mama. Nikamwona Mama akifunga mdomo na kutazama mikono yake. Iliniuma, sitaficha.

Kamati ikakubali kuja kuona mara moja ya mwisho, Jumatano saa mbili asubuhi. Nasser akasema wakikataa tena ataifunga nyumba, na zile safari za Alhamisi zikome, maana zinamtesa mama yake bure.

Jumanne mchana Kerubo akanipigia.

"Laban, kesho wanakuja wakubwa saba. Hakikisha hapo pako sawa."

Hakikisha pako sawa. Hayo ndiyo maneno aliyosema, na ninyi mnishuhudie.

Sasa niambieni, ninyi mliosoma shule za kwetu. Mkubwa akija, mnafanyaje?

Mnapaka chokaa!

Afisa wa elimu akija tulipaka mawe ya njiani, tukapaka miti hadi kiunoni, tukapaka kila kitu kilichosimama. Mimi nilikuwa kiranja wa usafi darasa la saba. Mbuzi wa mwalimu mkuu alisogea karibu siku moja, naye akapata mstari wake.

Nikatoka mbio hadi duka la vifaa vya ujenzi. Muuzaji akanitolea ndoo ya rangi ya plastiki.

"Chukua hii. Miaka kumi haitoki."

"Nipe chokaa."

"Rafiki yangu, hii ni bora."

"Wakubwa hawakaribishwi na rangi," nikamwambia. "Chokaa."

Jua likielekea kuzama nilikuwa nimemaliza. Mawe ya njiani, meupe. Mkunazi, mweupe hadi kiunoni. Na kwa kuwa chokaa ilikuwa imebaki, nikapaka ukuta wote wa mashariki, kuanzia chini hadi usawa wa mabega yangu. Nikapiga picha, nikaiweka kwenye status.

Rafiki yangu Tevin, mlinzi wa Al Mansoura, akajibu: "Budaa, hapo ni kama sherehe za Madaraka Dei!"

Nikalala na furaha zangu.

Asubuhi simu ikalia. Kerubo.

"Laban, niambie hiyo picha si ya hapo."

"Ni ya hapa. Si pamependeza?"

"Aki Laban! Nyumba ya watu ya kale umeipaka kama choo cha shule?"

"Si ulisema pawe sawa?"

"Nilisema ufagie!"

Hakusema nifagie, lakini wakati wa kubishana haukuwepo. Jasho lilinitoka hata kwenye magoti. Niliwaza kuchukua ndoo ya maji nianze kuosha, na kabla sijaipata nikasikia milango ya magari ikifungwa nje.

Injinia Moza alitangulia. Akaona mawe, akainama na kuligusa moja kwa kiganja. Akavuka kizingiti, akaingia uani, akauona mkunazi.

Hapo ndipo alipoketi chini.

"Nani?" akauliza, bila kuinua kichwa.

Wakubwa wengine sita wakanigeukia. Nikanyoosha mkono kama niko darasani.

"Kwa nini?"

"Kwa heshima yenu, madam."

Mzee mmoja wa kamati akageukia ukuta, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Injinia hakucheka.

"Umepaka wapi pengine?"

Nikawaongoza nje hadi upande wa mashariki. Nilitembea nikihesabu nguo zangu chache na begi litakalozitosha. Gari la Mama Hessa lilikuwa limeshafika, kioo kimeteremshwa. Nasser alikuwa amesimama kando yake, na uso wake sikutaka kuutazama. Nilijua nimemharibia Mama nafasi yake ya mwisho.

Ukuta ulikuwa umekauka, mweupe pe.

Isipokuwa pande moja katikati.

Hilo lilikuwa bado kijivu, bichi, chokaa haijashika. Nikaona aibu ya pili, kwamba hata kupaka kwenyewe nimepaka vibaya. Nikaanza kuomba msamaha.

"Nyamaza," akasema Injinia.

Akasogea. Akaweka kiganja kwenye ukuta mweupe, kisha kwenye lile pande. Akagonga huku, akagonga kule. Sauti hazikufanana. Akapitisha kidole kwenye ukingo wa kulia wa ule ubichi, na ukingo ulikuwa umenyooka kutoka chini hadi pale mkono wangu ulipoishia. Wa kushoto hivyo hivyo.

Akatoa kisu kidogo, akakwangua kipande cha ukubwa wa ukucha.

"Matofali ya saruji," akawaambia wenzake. "Hapa pamezibwa baadaye. Ukuta wa udongo umeinywa chokaa, saruji imeikataa."

Kisha akanigeukia.

"Chokaa imebaki?"

"Nusu ndoo, madam."

"Panda ngazi. Malizia hadi juu."

Naapa. Nilipaka tena, na safari hii wakubwa wawili wa kamati wakanishikia ngazi.

Tukangoja jua lifanye kazi yake. Kerubo akagawa chai ya thermosi. Taratibu weupe ukatokea pande zote, na katikati kikabaki kijivu chenye kingo mbili na kichwa cha juu. Ulikuwa mlango kabisa, mpana, wa kupitisha mbuzi wawili kwa pamoja.

Kerubo hakusubiri kuambiwa. Akamtoa Mama garini, akakisukuma kiti hadi kikagusa ukuta.

"Kinaenea," akatangaza. "Na nafasi inabaki."

Injinia Moza akachuchumaa mbele ya kile kiti.

"Nisamehe, mama. Ulituambia."

Mama Hessa akatikisa kichwa polepole. Kisha akamtazama mwanawe, akatazama mlango, akamtazama tena.

"Nasser. Nani anachanganya?"

Nasser akainama, akambusu kichwani. Macho yalikuwa yamemlowa, na yangu pia, ingawa Kerubo akiulizwa atasema yangu ni chokaa.

Barua ikaja. Mlango wa zamani ufunguliwe, kwa masharti. Sharti la nne: chokaa yote iondolewe kwa brashi laini, na aiondoe mlinzi mwenyewe. Sharti la tano: mlinzi asikae na chokaa tena. Nakala ninayo, si hadithi.

"Ingekuwa rangi ya plastiki," Injinia aliniambia, "leo ungekuwa uwanja wa ndege."

Wiki tatu nilisugua. Huo mkunazi nilifahamiana nao kila kigaga.

Alhamisi ya kwanza baada ya mlango kufunguliwa, Kerubo alimsukuma Mama hadi barabarani mbele ya mlango huo. Mama akainua mkono, Kerubo akaachia. Akaingia mwenyewe, akizungusha magurudumu kwa mikono yake, hadi chini ya mkunazi.

Akagusa gome. Ndani ya ufa mmoja kulikuwa na chokaa kidogo niliyoikosa. Nikakimbilia brashi.

Akanipiga kofi dogo mkononi.

"Iache hiyo," akasema.

Basi funzo langu ni hili. Mzee akikwambia hapa palikuwa na mlango, usianze kumdai picha. Gonga ukuta kwanza.

Na wewe uliyeko ugenini, ukiambiwa wakubwa wanakuja, fagia tu.