Kikombe cha Mkaguzi

Dereva alishakizoea kikombe kile cha bati kilichobanduka rangi. Mkaguzi wa hesabu, mama mnene mwenye sauti ya kubembeleza, hakikosi mkobani mwake hata siku moja, na kila ofisi wanayokwenda hukataa soda: "Mimi, mwanangu, nakunywa maji ya mradi ninaoukagua tu." Akifika hubadilisha viatu, akavaa ndara, akawa anabonyeza kuta za serikali kwa kidole gumba kama anayechagua parachichi.

Siku hiyo ofisa wa halmashauri aliwapeleka kwenye kisima kilichokwisha kulipiwa fedha zote. Wanawake wenye ndoo tupu walisimama kando. Pampu ilikuwa mpya, inang'aa.

"Imeharibika jana tu, mama," ofisa akasema.

"Maskini, pole yake." Mkaguzi akaishika kwa mikono miwili, akaitikisa, akainyanyua. Ikang'oka nzima kama jino bovu. Chini palikuwa na zege kavu, hata tundu la panya hapana.

"Piga picha, mwanangu," akamwambia dereva, aliyekuwa hoi kwa kicheko. Yeye hakucheka. Alimkabidhi ofisa kikombe chake.

"Haya, baba, nijazie. Ila uanze na hawa, wamenitangulia."