Vumbi la Mnada wa Kishapu

Siku yangu ya kwanza kazini, miaka ya sabini, Mkaguzi wa Migodi wa Mkoa pale Shinyanga alinikabidhi pampu, mizani na boksi la karatasi za kuchujia. Akasema, "Kijana, wewe sasa ni mpima vumbi." Nikacheka. Nani kwetu Usukumani asiyelijua vumbi?

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Pampu huvuta hewa kutwa nzima kupitia karatasi. Unaipima karatasi uzito kabla na baada, tofauti ndiyo vumbi. Lakini kiangazi huku hewa ina vumbi lake hata pasipo mgodi. Kwa hiyo unaweka pampu nyingine mbali, porini, upate kiwango cha asili, kisha unakitoa kwenye kile cha mgodini. Kinachobaki ni cha mgodi.

Kwenye kinu kimoja cha kusaga mawe ya dhahabu, mkoani humo humo, alifanya kazi shemeji yangu Masanja, mume wa dada. Alikuwa akikohoa mpaka anashika ukuta. Yeye na wenzake waliomba kitu kimoja tu: bomba la maji la kulowesha mawe. Meneja akasema atalileta vipimo vikimtia hatiani.

Sasa sikilizeni ushenzi. Mkaguzi aliamuru pampu ya asili ifungwe Kishapu, kwenye uzio wa mnada wa ng'ombe, eti kuna mlinzi. Tena siku ya mnada! Ng'ombe wanatimua vumbi hata mchungaji humwoni. Karatasi ilitoka kahawia kama uji wa mtama.

"Mzee, hili si la asili, hili ni la kwato," nilimwambia.

"Kwani ng'ombe si asili ya Wasukuma? Andika."

"Basi turudie, pampu ikae porini."

"Ripoti inatakiwa kesho. Wewe ndiye uliyepima, weka sahihi."

Nikakitoa kiwango hicho kwenye kile cha kinu. Kilichobaki hakikutosha kumtia hatiani hata panya. Nikaweka sahihi, kwa mkono huu huu! Bomba halikuja, na Masanja hakuiona masika ya pili.

Kwenye matanga dada aliniuliza mbele za watu, "Kaka, eti mume wangu kauawa na vumbi la ng'ombe?"

Nilistaafu na saa ya ukutani na barua ya pongezi. Vijana wapimaji huja kuniuliza pampu ikae wapi. Nawafokea: mbali na mnada, mbali na barabara, na bosi akikataa, kataeni kalamu! Yule Mkaguzi alishakufa, na hasira yangu kwake haijaisha. Lakini kwenye ripoti ile jina lake halipo. Lipo langu.