Waya wa Simu ya Bibi

Juzi, katika hoteli moja ya Kimihurura, niliona simu nyeusi ya kuzungusha namba, na vidole vyangu vikaenda moja kwa moja kwenye waya. Ulikuwa wa plastiki.

Bibi yangu, aliyekuwa haoni, aliwahi kuwa na simu kama hiyo. Ilipoharibika aliletewa ya vitufe, akakataa kuigusa, na dada yake aliyekuwa Bujumbura akakaa bila kusikia sauti yake. Baba alipata nyingine kuukuu sokoni Kicukiro, akaitengeneza mpaka ikafanana na ile ya kwanza. Alasiri hiyo nyumba ilinuka risasi ya kulehemu na mafuta ya taa.

Bibi aliipapasa, akapitisha kidole kwenye matundu ya namba, akatabasamu. Kisha akashika waya: ulikuwa wa plastiki, si wa kufumwa kwa uzi kama wa ile ya kwanza.

"Huu mkia ni wa nani?"

"Sauti inapita vilevile, Mama," Baba alisema.

"Basi ongea nayo wewe."

Mama yangu, aliyezoea kusuka vikapu, alichukua uzi mweusi akausuka kuuzunguka waya wote. Nilikuwa mtoto, sikujua kwamba sauti hupita kwenye shaba iliyo ndani. Nilidhani itapita ndani ya ule uzi.

"Usifunge fundo," nilimsihi. "Itakwama."

"Sifungi," alisema, bila kucheka.

Bibi alipapasa tena, akazungusha namba bila kumuuliza mtu.

"Ulidhani nimekufa?" alimfokea dada yake, waya ameuviringisha kidoleni.

Kicheko kutoka Bujumbura kilitufikia sote chumbani. Baba alimtazama Mama. Mimi nilijua kwa nini sauti imepita: hakukuwa na fundo.